Fundi Barafu Apoza Hema

Kampuni iliyomtumia mume wangu tangu ana nywele kichwani ilimuaga kwa heshima zote. Walimkatia keki, wakampigia makofi, kisha wakamkabidhi hema. Ndiyo, hema. Mtu amewapozea wenzake ofisi, hoteli na vyumba vya kuhifadhia nyama mpaka vidole vikakakamaa, na siku ya kustaafu anapewa kitambaa cha kwenda kulala juani, pamoja na cheti cha siku mbili za bure kwenye kambi moja huko jangwani. Sijui zawadi hiyo ilibuniwa na nani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyo nadhani alikuwa ametoka kunyoa.

Mtaani wanamwita Fundi Barafu. Mimi namwita Fundi tu, kwa sababu tukiwa wawili ndani hakuna haja ya kukumbushana barafu. Ni fundi wa mafriji na viyoyozi, tena fundi kweli, simsingizii. Lakini mganga hajigangi. Kiyoyozi cha nyumbani kwetu kiko juu ya kabati la jikoni, matumbo nje, tangu binti yetu hajaolewa, na sasa huyo binti ana watoto wanaojua kusoma. "Jumamosi nitakimaliza," husema Fundi. Hajawahi kutaja Jumamosi ya mwaka gani.

Hilo ningelimezea. Watu wengi wanaishi bila kiyoyozi na wananenepa. Ila Fundi ana kanuni yake: kazi ya kupoza huanza na kuziba. Kwa hiyo kabla hata hajakileta kiyoyozi nyumbani, alianza na madirisha. Aliyaziba yote, ya sebuleni na ya chumbani, kwa silikoni, ile gundi nyeupe ya kuzibia, kwa mkono safi ambao wateja wake huusifu. Kisha kidude fulani cha mashine kikaharibika, kidude kingine kama hicho kikakosekana madukani, na mimi nikabaki ndani ya chupa iliyotiwa kizibo. Yeye alikuwa anashinda kwenye vyumba vya baridi vya watu, amevaa sweta. Jioni anarudi, anasugua viganja na kusema, "Afadhali hapa kuna kajoto." Kajoto! Usiku anajifunika blanketi kwa kuwa baridi ya kazini imemwingia mifupani, na mimi niko pembeni yake najipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nikiufungua mlango kidogo tu, anatamka katikati ya usingizi: "Funga. Baridi inatoka."

Baridi ipi, Mungu wangu? Ningeiona ningeisindikiza.

Mwezi mmoja kabla ya safari nilianguka jikoni. Sikuzimia, nilikaa tu sakafuni bila kupanga. Daktari akanipima presha, akakunja uso, akaniuliza kama nyumba yetu ina hewa. Nikamjibu ipo, ni ileile ya miaka yote. Hakucheka. Alisema mwili wangu hauwezi tena joto lile, na kwamba nikianguka tena huenda nisiinuke mwenyewe.

Ndipo dada yangu alipoingia kati. Dada ni mkubwa wangu, mjane, ana nyumba yenye baraza pande zote na sauti inayofika baraza zote. Alinitandikia chumba. "Hamia," alisema. "Shemeji abaki na madirisha yake." Nililia kidogo, nikakubali. Sikuwa nakwenda kusalimia. Nilikuwa nahama.

Sasa utauliza, mtu anayehama anafuata nini jangwani na mumewe? Nilitaka kumwambia vizuri, mahali ambapo majirani hawawezi kuweka sikio ukutani. Mpango ulikuwa hivi: Dada, mwenye gari peke yake katika ukoo wetu, atatupeleka kambini na kukaa nasi. Jioni ya kwanza nitamwambia Fundi. Tukirudi tutamshusha yeye kwake, kisha Dada atanichukua mimi. Begi langu kubwa lilikuwa kwenye buti, na chini ya blanketi nilikuwa nimeisukumiza cherehani yangu. Nilijiona mjanja sana.

Tulifika jua likiwa limeshapanda. Kambi yenyewe ilikuwa uwanja wa mchanga, mawe machache, tangi la maji na choo cha mabati ambacho hata nzi walikipita mbali. Mhudumu wa kambi alituonyesha mahali petu, akatutakia mapumziko mema kwa uso wa mtu anayetoa pole, akarudi kibandani kwake haraka.

Fundi hakuona joto. Aliona kazi. Tangu astaafu nilikuwa sijamwona na macho yale. Nyumbani alikuwa ameshafungua redio, pasi, na saa ya ukutani ambayo haikuwa na tatizo lolote mpaka alipoitengeneza. Sasa alilizunguka hema, akalipapasa kama ng'ombe wa mnada, akasimama mbele ya vidirisha vya wavu vilivyoshonwa juu na chini.

"Nani kaacha matundu haya?" aliuliza.

"Waliolitengeneza," nikamwambia.

"Hawajui kazi."

Akatoa utepe wa kunata, ule wa rangi ya fedha anaozibia mabomba. Aliziba vidirisha vya juu, akaziba vya chini. Turubai la juu, ambalo lilitakiwa kuinuliwa kidogo ili lisigusane na hema, yeye alilivuta mpaka likanata juu ya hema kama ngozi juu ya ngoma. Mlango wa nyuma aliufunga zipu na kuibandika utepe kutoka juu hadi chini. Pembeni mwa sakafu alirundika mchanga ili hata sisimizi mwenye kiu asipate upenyo.

Dada alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari, anajipepea kwa ramani.

"Shemeji, hema hili lina pa kutokea, au tukishaingia ndiyo basi?"

"Subiri, shemeji. Leo utaomba sweta."

"Niletee sasa hivi nianze kulizoea."

Kisha akaitoa mashine yake, na hapo nilielewa kwa nini wiki nzima alikuwa anagongagonga uani. Alikuwa amechukua sanduku la kubebea vinywaji, akalitoboa mfuniko matundu mawili, tundu moja akalifunga feni ndogo ya betri, lingine kipande cha bomba kilichopinda. Ndani alijaza barafu tuliyoinunua njiani. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye barafu, inatokea kwenye bomba ikiwa baridi. Alining'iniza na kipimajoto kwenye nguzo, akatukaribisha ndani kwa mkono, kama mwenye hoteli.

Nisiwe mnafiki. Mwanzoni palikuwa na raha. Upepo wa baridi ulitoka kwenye lile bomba ukanipiga shingoni, na nilifikiri, haya basi, huenda mwanamume huyu anataka kuniaibisha siku ninayomwacha. Dada mwenyewe alifumba macho akasema, "Mh." Kutoka kwa Dada, hiyo ni shahada.

"Zipu," akasema Fundi. Akaifunga ya mbele, akaibandika utepe kwa ndani.

Jua halikuwa limesoma kanuni zake. Lilikuwa linapiga turubai, turubai linapiga hema, hema linatupiga sisi. Barafu ikaanza kuyeyuka, na feni, kwa utiifu mkubwa, ikapuliza ule unyevunyevu wote ndani ya mfuko tuliokuwa tumefungiwa. Mahali pa baridi pakawa mahali pa mvuke. Kuta zilitoa jasho. Nilihisi nguo zangu zimekuwa nzito, na pua inavuta kitu ambacho zamani kilikuwa hewa. Kama lengo lingekuwa kupika maandazi ya mvuke, tungekuwa tumefaulu.

Fundi alikitazama kipimajoto. Akakigonga kwa ukucha. Akakitazama tena.

"Hiki kibovu," akasema.

"Kipimajoto ndicho kibovu?" nikauliza.

"Mkae kimya, mnaongeza joto. Baridi inajipanga."

Nilikuwa na majibu kama sita ya kumpa, yote mazuri. Nikamgeukia Dada ili tugawane, nikakuta hacheki. Alikuwa ameegemea mto, mdomo wazi, uso unawaka moto na mkavu. Dada ambaye jasho lake huanza akifikiria ngazi, alikuwa mkavu.

"Dada?"

"Mwambie mama azime jiko," akasema polepole.

Mama yetu alikufa zamani. Kejeli yote ilinitoka. Niliruka kwenye zipu ya mbele, utepe ukanishinda, kucha zikateleza juu ya ule unyevu. Fundi naye alikuwa amepiga magoti ananyofua upande wake, anasema, "Subiri, subiri, huu unatoka." Ulikuwa utepe mzuri. Yeye hununua wa bei ya juu. Nikapapasa kwenye kikapu cha chakula, nikashika kisu cha kukatia mkate, nikakichomeka kwenye ukuta wa nyuma wa hema na kukiteremsha mpaka chini.

Zawadi ya kampuni ilipiga kelele moja ndefu ya kuchanika. Kisha upepo ukaingia.

Haukuwa upepo wa baridi, ulikuwa upepo wa jangwani tu, lakini ulikuwa unatembea. Nilirarua shuka kutoka kwenye matandiko, nikalichovya kwenye maji ya barafu yaliyobaki sandukuni, nikamfunika Dada shingo na kifua. Fundi akafaulu kufungua mbele, na papo hapo hewa ikapata njia, ikaingia nyuma na kutokea mbele. Tukamlaza Dada katikati. Nilimlowesha vitambaa, nikamnywesha maji kidogokidogo, nikamwita majina yote ya utotoni, hata yale aliyonikataza kuyataja mbele za watu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, na wakati huohuo nilikuwa na hasira iliyonifanya meno yaume.

Baada ya muda jasho likamtoka. Nililiona tone la kwanza kwenye paji la uso na nikalishukuru kama mgeni aliyeleta zawadi. Akafungua macho, akalitazama lile tundu kubwa ukutani.

"Kumbe mlango wa kutokea ulikuwepo," akasema.

Fundi alikuwa amesimama nje, mkono juu ya ule mchaniko, na shuka jingine lenye maji mkononi ambalo alikuwa analileta kwa Dada. Upepo ulipita kwenye lile shuka ukamfikia usoni. Akaganda. Akalisogeza shuka kushoto, akalisogeza kulia, akafuata upepo kwa shavu lake. Kisha akaanza kazi, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka kumzuia.

Alilitundika shuka la maji kwenye mchaniko, upande upepo unakotokea. Akanyofua utepe wote, juu na chini. Aling'oa vigingi vya turubai, akalinyanyua kwa fito mpaka likawa paa la pili, na kati ya paa hilo na hema unaweza kupitisha mkono mzima. Akachimba mchanga wa juu unaounguza, akatafuta ule wa chini uliopoa, akatutandikia mkeka hapo. Shuka likikauka analilowesha. Alikuwa anakwenda na kurudi kwenye tangi la maji, mgongo umeloa. Ndani pakawa mahali ambapo mtu anaweza kulala, na Dada akalala kweli. Kipimajoto, kile kibovu, kikashuka.

Nilitoka nikakaa nje, kwenye kivuli cha lile paa. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Fundi akaja akakaa karibu nami, si karibu sana, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Niliipika mwezi mzima: madirisha, mfuniko wa sufuria, sakafu ya jikoni, na sasa dada yangu. Nikafungua mdomo.

"Ningemuua," akasema Fundi kabla sijaanza.

"Ungemuua."

"Kazini, mlango ukiwa wazi ni kosa. Hata usiku naota mlango uko wazi." Akachota mchanga kiganjani. "Tangu nistaafu nashinda nyumbani. Siku ya kwanza mchana nilidhani naumwa. Kichwa kinagonga, jasho, moyo unakwenda mbio. Nikajipima homa, sina homa. Nikapima chumba."

Nikamgeukia.

"Nikapima na jikoni. Pale ulipokaa chini." Alikuwa anautazama mchanga. "Mama watoto, ulikuwa unaishi vipi mle ndani?"

Mimi nina ulimi. Waulize majirani, waulize wauza mboga. Kwa swali hilo peke yake nilikuwa nimejiwekea akiba ya maneno ya miaka mingi, na yote yalikuwa makali, na yote alistahili. Lakini yalipofika kooni yakagoma, na lililotoka lilikuwa jingine kabisa.

"Nilikuwa nakungoja jioni urudi," nikasema.

Akajishika uso kwa viganja vyote viwili. Alikaa hivyo. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma siku ambayo nilikuwa nimeipanga kwa shughuli nyingine.

"Gari nilipakia mimi," akasema ndani ya viganja. "Begi nililiona. Nikasema haya, wanawake na nguo. Halafu nikainua blanketi. Mtu hapeleki cherehani jangwani, mama watoto."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mimi najua kitu kimoja tu duniani, kupoza mahali. Nikasema labda nikikupozea hema..." Hakumaliza. Alinyanyuka akaenda kulilowesha shuka, ingawa lilikuwa bado linadondosha maji.

Sikumwita arudi. Sikumwambia nimesamehe, maana sikuwa nimesamehe. Huruma haishushi presha, na daktari hakuandika kwenye karatasi yake kwamba mume akijuta mgonjwa apone. Dada alikuwa nyuma yangu, kifua chake kinapanda na kushuka, na nilijua kwamba kile chumba alichonitandikia kina madirisha manne, yote yanafunguka.

Asubuhi tulikunja hema lenye jeraha, tukaondoka kabla jua halijapata nguvu. Dada alisisitiza kuendesha mwenyewe, akasema ameshaponea chupuchupu kwa ufundi wa shemeji na hataki kujaribu udereva wake. Fundi alikaa mbele karibu naye, ameweka lile sanduku lenye feni mapajani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na maneno yangu ambayo sikuyasema.

Tukafika njia panda. Kulia ni kwa Dada, kushoto ni mjini kwetu. Kwa mpango wetu tulitakiwa kwenda kushoto, tumshushe Fundi kwanza. Dada akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo, akasubiri nimwambie mwenyewe.

"Kata kulia, shemeji," akasema Fundi.

"Kulia?" Dada akashangaa. "Kwako si kushoto?"

"Tumpeleke yeye kwanza. Nitamteremshia vitu vyake, nitarudi na basi." Alikuwa anatazama mbele, vidole vyake vimelibana lile sanduku. "Ile nyumba si ya mtu kuishi. Asiingie tena mle hata kwa usiku mmoja. Mimi nimekaa muda mfupi tu nikashindwa, na yeye amekaa miaka."

Nyuma yetu lori lilipiga honi. Hakuna aliyesogea. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemngoja mwanamume huyu aseme kwamba ndani kuna joto, na sasa amesema, mbele ya shahidi, katikati ya barabara, kwa faida ya kuniacha niende.

"Kushoto," nikasema.

Dada akageuka mzima mzima. "Mdogo wangu, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nasema kushoto. Kisu cha mkate ninacho, tunakwenda kuyafungua yale madirisha."

Dada akasonya, lori likapiga honi tena, naye akakata kushoto.